Usishuke mteremko wa Kitonga na lile tairi

Uyole, Mbeya
Jumapili usiku

Ndugu yangu Baba Neema,

Kamwene. Sisi huku hatujambo, ni baridi tu inayotutesa. Asubuhi maji ya bomba yanauma hadi kwenye mifupa ya vidole. Mama Gwamaka anakusalimu, na Baba Ester naye anakusalimu, ingawa lile deni hataki liguswe. Salamu nyingine nitazimalizia mbele nikikumbuka, maana kuna jambo limenikaba koo.

Nimekupigia tangu Ijumaa, hupatikani. Mama Neema ameniambia uko ndani ya msitu, Sao Hill, mpaka Jumatano, na kwamba mkitoka tu Alhamisi mnaondoka wote kwenda Morogoro kwenye send-off ya mdogo wake. Nimemwomba asikubali gari litoke kabla hujasoma barua hii. Alicheka kwanza, halafu aliposikia sauti yangu akanyamaza. Nimeona niandike, nimpe kondakta wa basi la asubuhi pamoja na kifurushi, Mama Neema akipokee stendi ya Mafinga. Mambo ya chuma na mshono siwezi kumbebesha shemeji yangu kwenye simu.

Lenyewe ni hili. Ile fremu ya kubebea tairi la spea, tunayoichomeka kwenye tundu la kuvutia tela, yangu imepata ufa. Na yako ni pacha wake. Nilizichomelea wiki moja, paipu moja nikaikata katikati, nusu yangu nusu yako. Kwa hiyo nakuomba, kama unasoma ukiwa umesimama uani na gari limeshapakiwa mizigo, toa kwanza lile tairi nyuma. Chukua spana namba 21, fungua nati, lishushe chini. Halafu rudi tuendelee.

Alhamisi nilipanda Matamba kufuata mbegu za viazi kwa yule mzee wetu. Njia ya Chimala unaijua, kona zake hamsini na saba, na mawe yaliyotokeza baada ya masika. Nilipanda vizuri, nikashuka vizuri, magunia manne nyuma. Nilipoikamata lami na kufika kwenye matuta ya Igurusi, nikaanza kusikia nyuma: ko, ko, ko. Kwenye kioo naliona tairi linaitikia kila tuta, kama mzee anayesinzia kanisani. Nikajiambia ni ule mchezo wake wa siku zote, paipu imelegea kidogo ndani ya tundu, nikifika nyumbani nitakaza. Sikusimama. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda, kampakia mama, na mama ana mtoto mgongoni, kavalishwa kofia nyekundu ya sufu. Wamenifuata hivyo, karibu kabisa, mpaka tunakaribia Inyala ndipo wakachepuka.

Baba Neema, tangu juzi nikifumba macho naiona ile kofia.

Kesho yake Gwamaka anaosha gari, akaniita. "Baba, hapa panatoa kutu." Ile rangi nyeusi tuliyopiga ilikuwa nzima kila mahali, isipokuwa pale nguzo inayobeba tairi inaposimama juu ya mkono wa fremu, ile paipu iliyolala, upande unaotazama bampa, ambao huuoni mpaka uiname uchungulie kama unatafuta shilingi. Palikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba kama unywele. Nilitaka kuamini ni rangi tu imepasuka. Nikasugua na msasa hadi chuma kikang'aa, mstari ukapotea, nikafurahi. Lakini nikakumbuka alichonifundisha marehemu fundi wetu wa Iyunga. Nikapaka mafuta ya taa, nikaacha kama robo saa, nikafuta kwa kitambaa kikavu mpaka hakuna unyevu, kisha nikapaka unga wa chaki ya shule. Nikachuchumaa kusubiri. Taratibu yale mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakaanza kutoka na kulowanisha chaki, na mstari ukajichora wenyewe. Ulikuwa umevuka uso mzima wa paipu, ukakunja kona, ukaingia ubavuni kama sentimita mbili. Hata mtoto aliuona. Upande mmoja tayari umekatika, pande mbili zinafuata, na tairi zima limeshikwa na chuma kilichobaki nyuma.

Nimeshinda jana nzima karakana nikiitafuta sababu, na nakueleza ili usije ukampa fundi yeyote wa Mafinga aufunike ule mshono juu juu mkaondoka.

Kwanza paipu yenyewe. Ni ya mageti, unene wake milimita 2. Kwa geti inatosha, geti halirukirukii kona za Chimala. Nilipima uzito kwa mizani ya viazi: tairi na rimu kilo 36, fremu pamoja na ile habu ya tela tunayoitumia kama bawaba, kilo 20. Kilo 56, zimening'inia zaidi ya nusu mita nyuma ya pini inayoifunga fremu kwenye tundu. Gari likisimama si kitu. Likipiga tuta, zile kilo zinarushwa juu na kurudi chini kwa kishindo, na hapo si 56 tena.

Pili, ule mchezo. Tundu la tela ni la inchi mbili, karibu milimita 51. Paipu yetu ni milimita 50. Ukichanganya na kutu niliyoikwangua ndani ya tundu, nafasi ni ndogo ukiitazama pale mdomoni, lakini panda mpaka kwenye kitovu cha tairi, imekuwa nusu sentimita na zaidi ya kwenda na kurudi. Ile ko, ko, ko tuliyoizoea, tukaiona kama sauti ya kawaida ya gari, ilikuwa nyundo. Tumekuwa tukigonga mshono ule kwa nyundo kuanzia mwezi wa tano.

Tatu, na hapa ndipo ninapoumia, ni zile pembetatu. Tairi limekaa nyuma ya nguzo, kwa hiyo muda wote linaivuta nguzo iangukie nyuma. Sasa upande wa mbele, unaotazama bampa, ndio unaovutwa ufunguke. Kila tuta unafunguka kidogo na kujifunga, kama unavyokunja na kukunjua waya mpaka ukatike mkononi. Yule fundi wa Sido aliniambia wazi: pale weka pembetatu za plati kila upande, nguzo ikae kwenye bega, isisimame kwenye mshono mtupu. Plati ilikuwa imeisha, na wewe ulitakiwa urudi Mafinga jioni ile. Nikasema mshono wangu ni mnene, utashika. Uliniamini. Hukunilipa hata shilingi na hukuuliza swali hata moja, maana nilikuwa mimi.

Usinielewe vibaya nikasema kazi yote ilikuwa upuuzi. Unakumbuka mwezi wa nne, mvua ile, tumelala uvunguni mwa gari lako la Surf kwenye tope la juu kule, mnyororo wa spea umeganda kwa kutu, wewe unashika tochi kwa meno? Saa mbili na ushee kwa pancha moja. Kule chini tairi la spea linakaa mahali pabaya kuliko pote, linakula mawe na matope, na siku unayolihitaji ndiyo siku huwezi kulifikia. Juu ya keria nako ni kilo 36 za kupandisha juu ya kichwa, na gari linayumba kwenye kona. Nyuma ndiko kwenyewe. Fremu inayofunguka kando kama mlango, tairi liko usawa wa kifua, unafungua nati na kuliviringisha. Mpaka leo nalitetea wazo hilo. Kilichokosea ni mikono yangu na haraka yangu.

Ya kwangu nimeshaikata. Sikutaka kuiziba. Nimepata kwa watu wa vyuma chakavu kipande cha paipu kilichotoka kwenye ulimi wa tela la zamani, milimita 50 kwa 50, unene milimita 5, kizito mpaka unacheka ukikinyanyua. Pembetatu ni za plati ya milimita 6, moja kila upande wa nguzo. Chini ya tundu la tela nimetoboa, nikachomelea nati, sasa kuna boliti ya spana namba 19 inayoisukuma paipu juu ikabana kwenye ukuta. Nimetikisa tairi kwa mikono miwili, gari zima linatikisika nalo, hakuna ko. Na nimeongeza mnyororo kutoka kwenye nguzo hadi kwenye chasisi, mfupi, ili hata chuma kikikataa, tairi liburuzwe na gari langu, lisimfuate mtu. Namba ya gari nayo nimeihamishia kwenye fremu pamoja na taa yake, maana tairi lilikuwa linaifunika, na askari aliyenisimamisha mwezi uliopita alikuwa na haki.

Kipande kilichobaki kinatosha yako. Kesho naanza kuikata. Lakini haitawahi Alhamisi, na sitaki kurudia haraka ileile.

Kwa safari hii basi, fanya hivi. Ndani ya kifurushi kuna mkanda wa kufungia mzigo, ule wa racheti. Tairi la spea lipandishe kwenye keria, mbele kabisa, lilale kifudifudi, pitisha mkanda katikati ya rimu na kwenye vyuma vya keria, si kwenye mizigo. Mkanda wa pili tumia ule wako wa mbao. Fremu ichomoe kabisa, vuta pini, iache uani. Usiseme nitaiacha tu tupu bila tairi. Kilo 20 za chuma zikidondoka Kitonga zinaua vilevile. Mwendo wa kona punguza kidogo kwa sababu ya uzito wa juu. Ukisimama Ilula kununua nyanya, gusa mikanda kabla hujaanza kushuka.

Nimekuwekea pia msasa na vipande vya chaki. Ukipata nafasi, fanya lile jaribio la mafuta ya taa kwenye fremu yako, upande wa bampa, na pale paipu inapoingia kwenye tundu, uso wa juu. Huko juu kwangu hapakuwa na kitu lakini ni mahali pengine panapovutwa. Hata usipoona mstari, usiirudishe. Nataka tu kujua kama ni njia za huku au ni mshono wangu. Na tafadhali usiiuze kwa chuma chakavu, habu na zile stadi za kufungia tairi bado ni nzima, nitazihamisha.

Nikimaliza nitakuletea mwenyewe. Nauli isiwe hoja, nitapanda basi na fremu kwenye buti, nilale kwako siku moja, niifunge kwa mikono yangu na kulitikisa hilo tairi nikiwa nimesimama uani kwako. Sitaki mtu mwingine aifunge.

Sasa nijibu haya. Yako inagonga? Ilianza lini, au hujawahi kusikia? Umeenda nayo Mgololo mara ngapi? Yale matairi makubwa uliyosema utaweka, uliweka? Maana kama spea nayo ni ya saizi ile, uzito umezidi na lazima nijue kabla sijakata nguzo. Watoto huwa wanaikanyaga kupanda juu, kama Gwamaka? Kuna siku yoyote mtu wa nyuma alikuonyesha ishara ukadhani anakusalimu?

Na mengine: goti la mama linaendeleaje, alipata zile dawa? Neema amefungua shule au bado? Yule kijana wetu wa mashine ya mbao amerudi kazini? Mbegu za viazi nimekuwekea gunia moja, nije nalo au utalifuata?

Ukitoka tu msituni ukaona mtandao hata kijiti kimoja, nitumie ujumbe. Neno moja linatosha: nimeitoa. Simu nitalala nayo mkononi.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Gwamaka