Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, pamoja na lile suala la mchoro

Ndugu wanachama, salaam. Vikao vilikaa, semina ya kukunja waya ilifanyika, hesabu mhazini atawasomea, sitarudia mnayoyajua.

Nije kwenye lililowakera wengi, kwamba maabara ya chama chetu cha mafundi meno haipokei tena kazi ya meno bandia ya kuvua bila mchoro wa daktari na modeli (nakala ya plasta ya meno ya mgonjwa) iliyopimwa kwenye sarveya, kile chombo cha kupimia miinamo ya meno. Kwenye grupu mmeandika eti nafukuza kazi. Wazo nililileta mimi na bado nalisimamia. Mgonjwa aliyekosa magego ya nyuma pande zote mbili, yaani daraja la 1 katika mpangilio wa mapengo wa Kennedy, meno yake bandia yanaegemea meno kwa mbele na fizi kwa nyuma, na fizi inabonyea kuliko jino, sasa ukimbana na klaspi (kikono cha kushika jino) ngumu bila kufikiria, kila akitafuna lile jino linaloshika linatikiswa mpaka linalegea, na huyu alikuja ili asipoteze mengine. Ncha ya klaspi ya metali ya kobalti-kromiamu inaingia chini ya tumbo la jino milimita 0.25 tu, ya waya inaweza kufika 0.5, resti, kile kipande kinachokaa juu ya jino, inataka unene wa milimita 1 hadi 1.5, baa ya chini ya ulimi, inayounganisha pande mbili, inataka nafasi kama milimita 7 au 8 toka ukingo wa fizi hadi sakafu ya mdomo. Nani anakisia hayo kwa macho? Tena kijishimo cha resti anachonga daktari mdomoni kabla ya kipimo cha mwisho, fundi ukikichonga kwenye plasta jino la mgonjwa haliko hivyo, na meno hayakai. Kennedy alitoa madaraja yake manne mwaka 1925, na bado tunaletewa kikaratasi chenye idadi ya meno na rangi basi!

Mahudhurio yanauma jamani. Siku ya mafunzo ya sarveya viti vilizidi watu, na waliolalamika zaidi grupuni sikuwaona. Ada ndo usiseme, zaidi ya nusu hamjalipa halafu mnauliza sarveya ya pili iko wapi, wakati hii moja tuliyonayo nimeihangaikia mimi na katibu.

Mwakani Mungu akipenda tutaipata ya pili, tukae na madaktari mezani tuchore pamoja, na pengine tuanze kuchora kwa kompyuta. Mhazini yuko pale mlangoni na kitabu cha risiti, msimpite.