Salamu za Mwaka Mpya wa Kihmong, na neno juu ya nywele za kitukuu wa Bibi

Assalamu alaykum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Waswahili wa Saint Paul, Minneapolis, Brooklyn Park, hapa Minnesota, Marekani, na ninyi mliohama mkaenda majimbo yenye jua lakini bado mnasoma salamu zetu kila mwaka, poleni na baridi na hongereni kwa kufika. Kamati imenitaka niandike tena, na wiki ya sikukuu si wiki ya kubishana na kamati. Basi kwa niaba ya jumuiya yetu nawatakia majirani zetu Wahmong, watu wa milima ya Laos na kusini ya China, heri na fanaka ya Mwaka Mpya. Nyob zoo xyoo tshiab. Mola awape afya njema, awazidishie riziki, awatunzie wazee, awakuzie watoto, na mwakani atukutanishe tena sote tukiwa wazima. Na nyumba zetu ambazo wiki hii zina bata mzinga jikoni, nanyi pokeeni mkono wa sikukuu.

Mwaka huu wa 2025 umetubana, hilo halifichiki. Ulianza na mafua ya ndege, na kufika Machi dazeni moja ya mayai ilikuwa imepita dola 6 kwa wastani wa nchi nzima. Sisi tulikula chapati kavu, siku zikasogea. Kwa majirani zetu yai haliachwi kirahisi hivyo. Siku ya kuita roho za watu wa nyumba zirudi, kila mtu ana yai lake, na kuku wako palepale, na sijaona mzee atakayesimama mlangoni aziambie roho zisubiri bei ishuke. Nyumba ya watu kumi na wawili imemaliza dazeni kabla sufuria haijapanda jikoni. Nilimwona mama mmoja pale sokoni Hmongtown amefungua boksi la mayai, anayahesabu kwa kidole, analirudisha, anapiga hatua mbili, anarudi kulichukua. Alilipa kwa noti za dola moja moja zilizokunjwa.

Juni ikaja na orodha ya nchi ambazo watu wake wamewekewa vikwazo vya kuingia Marekani. Burundi ilikuwemo. Laos ilikuwemo. Zote katika fungu lilelile. Tangu lini mtu wa Bujumbura na mtu wa Vientiane wakaandikwa karatasi moja? Lakini jioni ile, kwenye ua nyuma ya nyumba yetu, Warundi na Wahmong walikuwa wanaulizana swali moja tu, mama atakuja lini, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Msiba wetu mkubwa mnaujua. Bibi wa nyumba ya kona alitutoka theluji haijayeyuka. Wengi wenu mmekula kutoka mkononi mwake. Ndiye aliyekuwa akitupa majani ya maboga na mnavu kutoka shamba lake, akatucheka tulipoyashangilia, maana alidhani mnavu ni wa kwao peke yao. Alikuwa hajui Kiingereza cha maana, nami Kihmong changu kinaishia kwenye salamu, lakini tulielewana kwa mboga.

Msiba wa Kihmong hauishi kwa siku moja. Ngoma na qeej, ile filimbi yao ya mianzi, vililia mchana na usiku, karatasi za dhahabu na fedha zilikunjwa marundo kwa marundo, na Bibi alivishwa viatu vya katani vya safari. Mimi nina dini yangu na wao wana yao, nilikwenda kuzika jirani. Nikakaa karibu na mjukuu wake wa kiume, akawa ananinong'oneza anachoimba yule mzee wa kumwonyesha marehemu njia. Anaanzia hapahapa, nyumba ya Saint Paul, anaishukuru. Anarudi kwenye mji wa kwanza walikofikia Marekani, anaushukuru. Anarudi Ban Vinai, ile kambi ya Thailand. Anarudi Mto Mekong, ambao Bibi aliuvuka usiku baada ya mambo kuharibika Laos mwaka 1975, mtoto mgongoni. Anarudi msituni, kisha kijiji, kisha kijiji cha nyuma yake, mpaka mlimani Xieng Khouang, kwenye nyumba ambayo kondo lake la nyuma lilifukiwa chini ya kitanda cha wazazi. Pale marehemu analichukua, analivaa, maana ndiyo nguo yake ya kwanza duniani, ndipo anaruhusiwa kwenda kwa mababu. Hakuna kituo kinachorukwa.

Nilikuwa nimetulia, mtu mzima na heshima zangu, mpaka nilipojaribu kuipanga njia yangu mwenyewe. Saint Paul. Kabla yake Columbus. Nairobi. Mombasa. Kibokoni. Hapo Kibokoni nikakwama. Nyumba ambayo kitovu changu kilizikwa uani kwake imeuzwa mwaka huu, ndugu tumegawana, fungu langu likaingia kwenye simu nami nikalipia kodi ya nyumba. Sikuuliza aliyeinunua ataufanyia nini ule ua. Sikumwambia mtu habari hii, hata mume wangu anaisoma hapa pamoja nanyi.

Tuendelee. Kamati iliomba salamu za ukurasa mmoja, nami najua nimeshapita, lakini kuna jambo siwezi kuliacha likavuka mwaka.

Bibi ameacha kitukuu wa kike ambaye nywele zake zina rangi ya mkonge uliokauka juani. Amezaliwa nazo. Baba yake nywele nyeusi, mama yake nywele nyeusi, nyanya zake pande zote mbili vivyo hivyo. Ngozi yake ni ya ndugu zake, macho yake ni ya ndugu zake, nywele tu ndizo zimeamua njia nyingine. Kwa maneno niliyoyasikia juu ya mtoto yule, na nayataja kwa uchungu kwa kuwa nimeyasikia meza yetu, mahamri mkononi: mara huyo baba yake ni Mzungu, mara mama yake alikuwa na lake. Mbele ya mama mwenyewe! Mnadhani hajui Kiswahili. Amekaa nasi jengo moja miaka yote hii, anajua zaidi ya mnavyodhani.

Wapo wengine wasomi zaidi, wao hawasengenyi, wao wanahutubia. Hao watakwambia Wahmong si watu wa Asia hasa, walitoka kaskazini ya mbali, na nywele za mtoto yule ndizo ushahidi. Hadithi hiyo ina mwenyewe. Padri mmoja Mfaransa, François Marie Savina, alikaa miaka mingi na Wahmong wa Tonkin, yaani kaskazini ya Vietnam, na wa Laos, akaijua lugha yao hata akaitungia kamusi, na mwaka 1924 akachapisha historia yao huko Hong Kong. Wazee walimsimulia nchi ya kale yenye miezi sita ya mchana na miezi sita ya usiku, miti mifupi na michache, watu wamevaa manyoya. Yeye mwenyewe aliona watu weupe wa uso na baadhi yao wenye nywele za kahawia au hafifu zaidi. Akaunganisha hayo na gharika na mnara wa Babeli, akawaleta Wahmong kutoka upande wa Mesopotamia, wakapita Siberia na Mongolia, ndipo wakashuka China. Alikuwa mtu wa bidii, simdharau, ila alikuwa na jibu la Biblia mfukoni kabla hajauliza swali. Waliomfuata wakainakili safari hiyo miaka na miaka, na sasa inazunguka kwenye simu zetu kana kwamba kuna mtu aliyewaona wakipita.

Kinachojulikana kwa uzito zaidi kiko karibu na nyumbani kwao. Lugha ya Kihmong ina ukoo wake, pamoja na Kimien, na wataalamu wengi wa lugha wanauweka mzizi wa ukoo huo kusini na katikati ya China, bonde la Mto Yangtze. China, ambako wao na jamaa zao wanahesabiwa kwa jina la Miao, sensa ya 2010 iliwakuta zaidi ya milioni 9, wengi wao Guizhou, Hunan na Yunnan. Wenyewe wana babu yao Chiyou, yule wa hadithi za kale za China, aliyepigana na Mfalme wa Njano akashindwa. Vita vilivyoandikwa kwenye vitabu ni vya karibu zaidi: kuanzia 1795 kule Hunan, kisha kuanzia 1854 kule Guizhou, majeshi ya Qing, watawala wa China wa wakati ule, yakawasukuma, na katika karne hiyo ya 19 wengi wakavuka milima kuingia Vietnam na Laos. Vinasaba navyo vinawaweka Asia Mashariki pamoja na majirani zao. Upande wa kina mama kuna kiasi kilichotoka kaskazini zaidi, lakini kaskazini ya China si Ulaya, jamani.

Na nywele? Visiwa vya Solomon, Bahari ya Pasifiki, kuna watu weusi tii wenye nywele za dhahabu, na watu walisema vilevile, mabaharia wa Kizungu walipita hapa. Mwaka 2012 wanasayansi wakaonyesha kwamba ni badiliko la herufi moja tu kwenye jeni iitwayo TYRP1, badiliko la hukohuko, ambalo Wazungu hawana. Mtoto akilipata kwa baba na kwa mama pia, nywele zinatoka hivyo, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa na nywele nyeusi wakiwa wamelibeba bila kujua. Sisemi kitukuu wa Bibi ana badiliko hilohilo, hajapimwa na hahitaji kupimwa. Nasema rangi ya nywele inaweza kuzuka popote palipo na watu, bila meli kutia nanga. Njaa nayo hubadili nywele za mtoto zikawa nyekundu na nyepesi, na waliopita kambini, wetu wa Kigoma na Kakuma na wao wa Thailand, hawahitaji kuelezwa hilo. Utawasafirisha wote hao kutoka Siberia?

Na sisi tunaowacheka tuna Shirazi yetu, hadithi ya babu zetu waliotoka Uajemi. Nani hapa wa Pwani hakukua akisikia zile merikebu na wale wana wa sultani? Baadhi ya wasomi wakasema ni uzushi mtupu wa watu kujikweza. Mwaka 2023 ikachapishwa kazi iliyopima mifupa ya watu 80 wa zama zile, wakiwemo waliozikwa Mtwapa, Manda na Kilwa, ikakuta yote mawili: damu ya Uajemi kweli imo, imeingia yapata mwaka 1000, nyingi kwa upande wa kina baba, na zaidi ya nusu ya asili ya watu wengi wao ni ya kina mama Waafrika wa hapohapo. Ile nusu kubwa haikuwahi kutungiwa hadithi ya merikebu. Bibi zetu walikuwepo tu, wakipika na kuzaa na kufundisha lugha, na sisi tukashika pua na nywele tukitafuta babu wa mbali. Tunapenda asili inayotoka ng'ambo.

Kwa hiyo ndugu zangu, katika sikukuu hii nawasihi, na wanaosema katibu anahubiri waseme. Mtoto wa mtu haulizwi nywele zake zimetoka wapi. Hashikwi kichwa. Hapigwi picha kwa siri ikapelekwa kwenye kundi na alama za kucheka. Sisi tunaotoka nchi ambazo wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, wakafukiwa ndani ya nyumba kwa sementi ili makaburi yasifukuliwe, sisi ndio wa mwisho kuruhusiwa mzaha wa rangi ya mtoto. Kina baba, mkisikia neno la "mama yake alikuwa na lake", likateni hapohapo. Kina mama wenzangu, mdomo unaosema subhanallah ndio huohuo unaosengenya, tuuchunge. Na vijana mliokimbilia vile vijisanduku vya kupimia asili kwa mate kwa sababu wiki hii viko na punguzo, pimeni mkitaka, pesa ni zenu. Lakini kabla ya kutema mate mpigie simu bibi yako. Muulize alizaliwa nyumba ipi, akahamia wapi, nani alimpokea, walivuka mto gani. Andika kituo kwa kituo. Mwacha asili ni mtumwa, tunasema, kisha hatuwezi kutaja mitaa mitatu aliyoishi mama. Yule mzee mwimbaji alitaja ya Bibi yote bila karatasi.

Basi turudi kwenye salamu. Mwaka unaotoka utoke na mabaya yake, unaoingia uingie na kheri zake. Wagonjwa wapone, wasio na kazi wapate, waliozuiliwa wafunguliwe njia, wachumba waonane kwenye mstari wa mpira, ule ambao vijana wa Kihmong hurushiana wakichumbiana, na wasiwe wa ukoo mmoja. Wanaofanya shifti za usiku kulea wazee wa watu, Mola awalipe.

Jumamosi tunakwenda RiverCentre, kwenye sherehe ya Mwaka Mpya wao, kwa magari matatu, la kwanza linaondoka saa tatu asubuhi kamili na halimsubiri mtu. Kitukuu wa Bibi yumo kwenye kundi la kucheza ngoma mchana, mama yake ameshona sarafu mpya kwenye mshipi na ameomba tukae mbele. Kwa hiyo tutakaa mbele. Familia ya Bibi tunaipelekea mchele wa kunata magunia mawili na mayai, na mchango bado haujatimia. Mwenye ahadi aitimize kabla ya Ijumaa jioni. Mahamri ni juu ya nyumba za Brooklyn Park, saladi ya papai tutanunua hukohuko.

Nyob zoo xyoo tshiab, na heri ya mwaka kwenu nyote.

Katibu