Oktoba 30 tuiache ipite hivihivi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Siku ya Mashujaa tuliyoiadhimisha juzi, Julai 25.

Jioni ya kuamkia siku hiyo binti wa dada yangu, aliye darasa la sita, alikuwa anafanya kazi ya nyumbani. Alitakiwa kutaja mashujaa watano wa nchi yetu. Akaandika Mkwawa, Kinjeketile, Mirambo, Isike na Mangi Meli. Majibu sahihi, tena kwa mwandiko mzuri. Bibi yangu alikuwa pembeni anachambua maharage kwenye ungo. Akamwomba amsomee tena yale majina polepole, kisha akauliza, "Na sisi wa huku je?" Mtoto hakulielewa swali. Tunaishi Bunazi, kaskazini ya Mto Kagera, kwenye barabara iendayo Mutukula.

Oktoba 30, 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia nchi yote hii hadi mtoni, na Amin akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Inakadiriwa kuwa wananchi wapatao 1,500 waliuawa. Bibi alivuka mto usiku kwa mtumbwi, mama yangu akiwa amemng'ang'ania shingoni. Kaka yake alirudi kufungulia ndama na hakuonekana tena. Hana kaburi. Waliporudi mwaka uliofuata, nyumba haikuwa na bati hata moja, milango ilikuwa imeng'olewa na fremu zake, na kibanja kilikuwa kimemezwa na majani.

Sipunguzi hata kidogo heshima ya wanajeshi wetu. Rais anapoweka mkuki na ngao pale mnarani na Mkuu wa Majeshi anapoweka sime, nyumbani kwetu huwa tunasimama mbele ya televisheni. Waliolala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya ndio waliotukomboa, wao pamoja na maelfu ya mgambo waliotoka kila mkoa. Nchi nzima ililipa gharama ya vita hiyo. Nani aliyekuwa mtu mzima wakati ule asiyekumbuka ile miezi 18 ya kufunga mikanda?

Kinachoniuma ni tarehe. Kila mtu anaijua kauli ya Mwalimu Nyerere ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin. Nimeisikia kwenye mpira, kwenye harusi, hata kwenye mikutano ya kampeni. Waulize hao wanaoisema ilitolewa lini. Ilikuwa Novemba 2, 1978, na huku kwetu siku hiyo watu walikuwa wamejificha kwenye migomba. Aprili 11, siku Kampala ilipoanguka mwaka 1979, inapita kimya. Oktoba 30 ndiyo kabisa: soko linafunguliwa, shule zinaendelea na vipindi vyake, hakuna hata kengele inayogongwa. Wananchi waliouawa hawakuwa na namba ya jeshi, na ninaamini ndiyo sababu hawana siku.

Naiomba halmashauri yetu ya Missenyi ianze na jambo dogo tu. Kila Oktoba 30 watu wakusanyike Kyaka, mashehe na mapadre waombe dua, wanafunzi wawasikilize wazee, na majina ya waliopotea yasomwe kwa sauti. Magofu ya kanisa lililobomolewa vitani yako pale mlimani, hatuhitaji kujenga mnara ndipo tuanze. Na tusingoje maadhimisho ya miaka 50. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70, na kila masika tunazika wawili au watatu.

Kwa upande wangu nimenunua daftari. Bibi anataja majina ya waliopotea kutoka kitongoji chetu, mimi naandika: jina, jina la baba, ukoo, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Wako kumi na mmoja. Wa kwanza ni kaka yake. Tumekamilisha tisa. Wawili waliobaki amesahau majina ya baba zao, na Jumamosi tutavuka mto kwenda kumuuliza rafiki yake aliyeolewa ng'ambo.

Msomaji wako,
Bunazi, Missenyi