Mheshimiwa Mwenyekiti wa waamuzi, naomba ripoti yangu

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Nimekupigia simu, nimekutumia ujumbe, nimefika mpaka ofisini nikaambiwa umetoka. Leo nakuandikia mbele ya watu wote, maana na jina langu liliondolewa mbele ya watu wote, kwenye orodha ya waamuzi iliyorushwa WhatsApp juzi.

Kosa langu, nasikia, ni bao la Jumapili hapa Busia. Kipindi cha kwanza, mpira ulirushwa kutoka pembeni, pale mstari wa jivu ulipofutwa na mvua. Mshambuliaji wa timu ngeni alikuwa peke yake nyuma ya mabeki, akaupokea, akafunga. Mshika kibendera wangu, binti anayeanza kazi, hakuinua bendera, nami nikaonyesha kati. Chupa za maji zikaanza kumwangukia. Mheshimiwa, Sheria ya 11 ya soka iko wazi: akiupokea mpira moja kwa moja kutoka kurushwa, hakuna kuotea. Binti yule aliamua sawasawa huku anatukanwa matusi ya nguoni. Mtathmini mliyemtuma kupima kazi yetu alitakiwa kumpa alama kwa hilo.

Lakini mtathmini alifika kipindi cha pili kimeshaanza. Bao lenyewe hakuliona! Alikaa chini ya hema la viongozi wa timu ya nyumbani, na filimbi ya mwisho ilipolia aliondoka bila kusema nasi neno. Nadhani fomu aliijaza kwa maneno ya pale hemani. Ushahidi sina, kwa sababu ripoti sijaonyeshwa.

Mwanzoni mwa msimu mlitupima mbio: mita 40 mara sita, kisha mita 75 kukimbia na 25 kutembea, mpaka mizunguko 10 iishe. Saa iko mkononi, kila mtu anaona nani kafaulu. Nilifaulu. Asubuhi nafundisha, jioni nakimbia kando ya barabara malori ya mpakani yananipita, na nauli ya boda naitoa mfukoni kwa sababu posho huchelewa, nyingine haiji kabisa. Haya nayavumilia. Ila kwa nini miguu yangu ipimwe hadharani, halafu maamuzi yangu yapimwe kwa siri?

Kwenye semina ulituahidi kwamba kila mwamuzi atapata nakala ya ripoti na alama zake. Tulikupigia makofi. Mpaka leo sijaona hata moja. Nilikuwa umbali gani na tukio, nilisimama upande gani, kadi nilizitoaje, mechi ilikuwa ngumu kiasi gani: hayo ndiyo ya kutathmini, si kelele za waliofungwa.

Agosti 2025, kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale uwanja wa Namboole, Uganda, tuliona mwamuzi akienda kwenye skrini ya VAR, yaani video ya kusaidia waamuzi, kulitazama tukio upya. Mwaka 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Sisi wa viwanja vya vumbi hatuna VAR, tuna mtathmini mmoja tu. Akichelewa, au akiegemea upande, hatuna pa kukimbilia.

Sijaomba kurudishwa. Naomba ripoti. Kama nimekosea, nionyeshwe dakika na sheria, nitakaa nje nijirekebishe. Na kama ni bao lile, basi mwondoleeni binti yule lawama wiki hii, kabla hajaacha kazi ya uamuzi. Ripoti yangu, Mheshimiwa. Nipeni niisome.

Wako,
Mwamuzi wa ligi ya kanda, Busia