Kisu chako bado kiko kwangu

Langoni, Lamu
Jumanne, baada ya isha

Yakhe Famau,

Assalamu alaykum. Huku wazima sote, mama anakusalimu, watoto wanakua hadi viatu vinawabana kabla sijamaliza deni la viatu. Punda wa Athman kazaa. Athman mwenyewe bado hajaoa, kwa hiyo hujapitwa na jambo.

Najua umenikasirikia. Siku ile uliyoporwa ulinipigia kwa simu ya shemeji, ukasema, "Wewe ni fundi, nitafutie kisu cha maana," nami nikajibu ndiyo bila kufikiri. Leo wiki ya tatu. Ujumbe wako wa mwisho hauna hata salamu, umeandika "KISU?" tu, kama mtu anayedai kodi ya nyumba. Wazee wana msemo wao kuhusu mtoto anayelilia wembe. Mimi wembe wako nimeukalia, na sababu ninazo, tena nyingi, ila hazijapangika vizuri kichwani. Vumilia.

Kisu kipo. Hilo lijue kwanza, usije ukadhani nimekula pesa zako (ambazo, kwa taarifa yako, hujazituma). Bapa limetoka kwenye springi ya lori, amelifua yule mzee wa Mokowe aliyetutengenezea patasi mwaka ule wa mvua nyingi. Springi ni chuma kizuri, kinashika makali, ukikinoa kwenye jiwe unasikia kwa sikio kwamba kimekubali. Ubaya wake ni kutu. Kwa hewa yetu hii ya chumvi nilikiacha siku mbili dirishani kikaota madoa kama ndizi mbivu, ikabidi nikisugue upya na kukipaka mafuta ya cherehani. Inchi tano, makali upande mmoja. Mpini ndio ulionichelewesha.

Wewe ulitaka cha kukunja, kikae mfukoni, kisijulikane. Niliazima viwili nikavijaribu. Cha kwanza hakina kinachokishikilia kikishafunguka. Ukisukuma ncha kwenye ubao kinajikunja juu ya vidole vyako mwenyewe. Cha pili kina komeo, hicho afadhali, lakini ukucha lazima uingie kwenye kile kijitundu, na mikono yote miwili ifanye kazi. Ulinihadithia jinsi mikono ilivyokutetemeka hata ukashindwa kufunga kufuli la duka, na wale vijana wameshaondoka. Nikajiuliza ukucha huo ungeupata wapi.

Basi kisikunjwe. Nikachonga mpini wa bambakofi, laini, unang'aa, nikampelekea Mjomba Bakari nikitegemea sifa. Akautazama, kisha akanyoosha mkono wake wa kulia. Ile alama unaikumbuka, ya kwenye vidole viwili? Sisi utotoni tuliambiwa aliumwa na papa. Kumbe hakuna papa wala nini. Alikuwa akipasua nguru, mpini umelowa damu na mafuta, ncha ikagonga mfupa. Kisu kikasimama, mkono ukaendelea na safari mpaka kwenye makali. "Samaki alishakufa," akaniambia, "hapigani, hakimbii, na bado aliyekatwa ni mimi."

Nikautupa ule mpini. Nikamwomba anitolee jambia la babu, lile walilokuwa wakivaa maharusi wa ukoo, na kwa mara ya kwanza nikalitazama kwa jicho la fundi. Mpini wake umebanwa kiunoni, umepanuka juu na chini. Miaka yote nilidhani ni urembo. Ushike uone: ngumi inakaa pale kwenye kiuno, haina pa kuteleza. Nimekuchongea umbo hilo hilo, pana zaidi upande wa bapa, mti nimeuacha bila kuung'arisha, nikafunga noleo la shaba, ile pete ya kubana mpini, na msuka, ule mkia wa bapa, umepita hadi mwisho wa mpini. Ni kazi nzuri, nikisema mwenyewe. Ningekutumia wiki iliyopita kama Twalib hangeingia karakana.

Twalib unamjua, kitu hakimpiti bila mjadala. Akaniuliza kisu ni cha nini, nikamwambia. Akasema Marekani kuna askari wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliyeandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu aliye futi 21 mbali nawe anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Alikuwa akiwaonya askari wenzake wenye bastola, seuze wewe. Futi 21 nilizipima kwa tepu uani: ni kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye birika la kuwekea maji. Twalib akasimama kwenye birika, mimi mlangoni, kisu cha mti kiunoni chini ya shati. Yeye akianza mbio, mimi nichomoe. Mara ya kwanza alinifikia mkono wangu bado unatafuta upindo wa shati. Ya pili nilishika kikoi. Ya tatu kisu kilitoka kikaniangukia mguuni, na hapo mke wangu akafungua dirisha la juu kuuliza kama tumerogwa. Tulifanya mara saba. Mara moja tu nilikitoa kabla hajanigusa, na mara hiyo Twalib alikuwa ameteleza.

Na wale wako hawakuanzia futi 21. Ulisema walikuuliza saa.

Kisha lile la masizi, ambalo hasa ndilo lililonishikisha kalamu. Nilichonga visu viwili vya mwembe, butu, nikavipaka masizi ya chungu niliyoyachanganya na mafuta ya nazi, tukavaa fulana nyeupe. Sharti: mmoja anapora, mwenzake anajitetea, tunahesabu hadi kumi, kisha taa iwashwe tuangaliane. Yakhe, sisi tumecheza kirumbizi tangu ndevu hazijaota, kupisha fimbo tunajua. Nilijiona nimemshinda. Nilimpata mara mbili kifuani, nikasikia kabisa kisu kimegusa. Taa ilipowaka Twalib alikuwa na mistari miwili kweli. Mimi nilikuwa na sita. Mmoja chini ya kwapa, mmoja shingoni kutoka sikio hadi kwenye kola, na minne ndani ya mikono, pale mishipa inapoonekana. Sikuhisi hata mmoja.

Tukarudia usiku nne. Tukabadilishana, nani anapora, nani anaporwa. Tukamwita na mwanawe Mama Zuhura, ambaye hajawahi kushika fimbo maishani mwake, na yeye ndiye aliyetuchora kuliko sote, kwa sababu hajui sheria yoyote, anapunga tu kama anafukuza nzi. Hakuna aliyetoka mweupe. Aliyepora alichafuka, aliyejitetea alichafuka, aliyeshinda alichafuka. Fulana yangu ya usiku wa kwanza sijaifua. Nimeitundika karakana, na juzi mteja kaniuliza kama ndiyo rangi ya mlango wake.

Mjomba alikuja usiku wa tatu, akakaa kwenye kibao, akacheka mpaka akakohoa. Lakini alinipa neno moja: mtazame bega. Mkono hudanganya, bega haliwezi. Na miguu usiipishanishe, hasa unaporudi nyuma. Sasa nikirudi nyuma naburuta unyayo, siunyanyui, na mistari yangu imeshuka kutoka sita hadi mitatu. Mitatu, ndugu yangu. Huo ndio ufundi wangu wote.

Haya, tuseme ningekutumia hivyo hivyo. Kwa njia gani? Basi la kutoka Mokowe linasimamishwa njiani, watu wanashuka na vitambulisho mkononi, mizigo inafunguliwa. Nikifiche kwenye boksi la maembe, kondakta ndiye ajieleze? Nilimwuliza mtoto wa Kombo, yule anayeandikia wakili. Akanisomea kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu: ukikutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, kifungo si chini ya miaka 7 wala hakizidi 15. Nikasema lakini huyu anajikinga tu. Akasema kujikinga kupo, kifungu cha 17, ila hilo utalieleza mbele ya hakimu, mambo yakishatokea. Askari wa saa nne usiku utamweleza nini? "Mvuvi akikutwa na kisu, samaki wake hawa hapa. Rafiki yako muuza chaja za simu, samaki wake wako wapi?" Sikuwa na jibu. Labda uanze kuuza nguru.

Na kuna hili ambalo nilitaka nisiliandike. Usiku mbili tatu nilitembea nacho mimi, kisu chako, kiunoni, kujaribu kama ala inakaa. Ala ilikaa vizuri sana. Usiku wa pili natoka Mkomani, umeme umekatika, nikapita kile kichochoro cha nyuma ya msikiti ambacho siku zote nakiepuka. Sijui kwa nini nilikipita. Au najua. Kwenye kona akatokea mtu ghafla, kanyoosha mkono. Ni Maalim wetu, anatoka kumsomea mgonjwa, ananipa mkono wa salamu, na wangu wa kulia umeshashika mpini. Nikaitika kwa mdomo. Mkono haukutoka. Wake ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha ndani ya kanzu. Sasa anapita karakana bila kuingia, na kamwambia Athman kwamba mimi nina jambo naye. Nitamwelezaje? Nimwambie Maalim, nisamehe, mkono ulikuwa…

Basi kisu kimo kwenye sanduku la patasi, kimeviringishwa kitambaa. Ni chako, sikunyimi. Lakini kitakaa hapo mpaka uje mwenyewe, ulale kwangu usiku nne, tuwe wote uani. Masizi yapo tele. Kwa sasa Alhamisi nakuletea kwa basi bakora ya mtobwe, ile iliyonyooka. Hiyo ikikutwa mkononi mwa mtu mzima haiulizwi samaki. Ukiwa nayo mtu husimama mbali kidogo kuliko asipoiona, na huo umbali kidogo ndio nilioutafuta uani wiki zote hizi nisiupate. Wakitaka simu wape. Uliyonayo sasa si mulika mwizi? Basi mulika.

Sasa nijibu, tena kwa barua au sauti ndefu, si neno moja kwa herufi kubwa. Duka unafunga saa ngapi siku hizi? Huwezi kufunga pamoja na yule jirani wa cherehani, mkatembea wawili hadi njia panda? Taa ya ile nguzo imetengenezwa, au bado mnaahidiwa? Ripoti uliandikisha? Namba ya OB, ya kile kitabu cha polisi, ulipewa? Shemeji anajua uliniomba nini, au ndiyo maana siku ile ulishusha sauti?

Na swali jingine. Ulisema, "Mmoja wao sauti yake naijua," kisha ukanyamaza, ukageuza mazungumzo ukauliza habari za punda. Wewe na punda wapi na wapi? Ni yule ninayemdhani? Yule aliyekuwa akikaa pale dukani kwako, ukimlisha? Kisu ulichoniomba, Famau, ni cha kutembea nacho kurudi nyumbani, au ni cha kumwendea yeye? Mpini, noleo, basi, kifungu cha 308, hayo yote yana dawa. Hili ndilo lililonikalisha wiki tatu, na sikujua nitaliuliza vipi nawe ukinicheka kwenye simu.

Kama jibu ni la kwanza, nipimie kiganja, upana wake chini ya vidole, kuanzia upande wa shahada hadi wa kidole cha mwisho. Mpini nimeuchonga kwa mkono wangu na wako ni mkubwa. Kama ni la pili, usipime kitu, panda basi la kesho asubuhi, nitakungoja kwenye gati.

Vyovyote iwavyo, njoo na fulana mbili nyeupe, kuukuu. Zangu zimekwisha.

Ni mimi,
Fundi wako