Barua kwa mwanangu aliye Dodoma: usiimwagilie tena

Mwanangu,

Picha ya okidi uliyomtumia mdogo wako nimeiona. Aliniletea simu nikiwa nagongelea mlango wa banda la kuku, nikafuta miwani, nikatazama tena. Majani yamesinyaa. Halafu unasema sasa unaipa maji asubuhi na jioni kwa kuwa ina kiu. Acha. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaiondoe okidi hiyo kwenye kisahani na uyamwage maji yaliyotuama.

Kiu inayo, sibishi. Lakini maji yapo, cha kuyanywea ndicho hakipo. Mizizi imeoza. Ukizidi kumwagilia unamalizia na ile michache iliyobaki.

Itoe chunguni. Ioshe mizizi kwa maji ya uvuguvugu, kisha uibonyeze mmoja mmoja kwa vidole. Ulio mgumu uache, hata kama rangi yake haikupendezi. Unaobonyea, au ambao ganda lake linavuka ukabaki uzi mtupu, ukate mpaka ufike penye uzima. Mkasi uupitishe motoni kwanza. Ulipokata paka mdalasini wa unga kidogo, penye jeraha tu, maana mdalasini unakausha, ukiunyunyizia mizizi mizima utajuta. Bua la maua nalo likate. Najua litakuuma. Likate.

Utakuta iliyooza ni mingi kuliko unavyodhani. Usijilaumu sana. Zile wiki tatu alizolazwa mama yako nilikuwa naimwagilia kila nikitoka kuswali alfajiri, kikombe kizima. Harufu ya uvundo niliisikia kabla hujaja kuichukua. Nikasema moyoni labda hewa kavu ya huko itaisaidia. Basi.

Ila huo udongo mweusi uliojaza juu, nani alikwambia? Wamekupa ofisi na watu saba chini yako, mtaa mzima unajua kwa sababu nimewaambia mimi, lakini kuuliza hukuuliza. Okidi si mchicha. Zile za kwetu msituni Amani zimeshika matawi, mizizi iko hewani, mvua inapita, upepo unakausha. Hii ya kununua asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, lakini tabia ni hiyohiyo.

Boksi litakufikia kwa basi la Alhamisi. Mna vipande vya makumbi ya nazi, nimeviloweka siku mbili na kubadilisha maji ili chumvi itoke, na mkaa. Chungu usinunue. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, uitoboe matundu mengi chini na ubavuni. Mizizi utaiona humo kwa macho: ikiwa ya kijani imeshiba, ikiwa ya kijivu kama fedha ndipo uimwagilie. Kijivu, umenisikia? Usifuate kalenda wala huruma. Na maji yakiingia katikati ya majani yafute kwa kitambaa, pale pakioza mchezo umekwisha.

Maji ya bomba la huko siyaamini, birika lako nililiona lilivyoshika ukoko mweupe. Ukipata ya mvua, kinga. Kwa kuwa hewa ni kavu, chukua dumu kubwa la maji ya kunywa, lile linaloonyesha, ulikate kitako uifunike nalo. Kifuniko kifungue kila siku ipumue. Iweke penye mwanga, jua lisiipige. Mbolea usitie mpaka uone ncha ya mzizi mpya, na hiyo inaweza kuchukua miezi. Majani yaliyosinyaa usiyatazame, huenda yasinyooke tena. Tazama mizizi. Wewe una haraka tangu utotoni, hilo hukulitoa kwangu.

Mama yako anauliza kila siku inaendeleaje. Namwambia imechanua. Sasa anasema Idi ikipita atapanda basi aje kuiona, na miguu yake ile. Kwa hiyo tafadhali, mwanangu, hata ikiwa na mizizi mitatu tu, usiizamishe.

Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, linavuja mahali pengine. Mpangaji wa chumba cha uani amelipa miezi miwili kati ya mitatu. Kuku mwekundu anaatamia mayai tisa, ndiyo maana ya ule mlango.

Ndani ya boksi, chini ya mkaa, nimetia mkasi wa mama yako wa kushonea, maana wako hauna makali. Anautafuta tangu juzi. Ukimaliza urudishe kwa basi hilohilo, na ukipiga simu usiutaje.

Baba yako