Mjomba, sikula kazi yako

Mjomba,

Naandika hapa mbele za watu kwa sababu hushiki simu zangu, na mama amechoka kubeba maneno kati ya kaka yake na mwanawe. Juzi alisema, "Malizaneni wenyewe." Basi tumalizane. Na mafundi wenzangu wa kebo za intaneti mnaosoma mnivumilie, mengine humu ni ya nyumbani.

Nimesikia unayoyasema huko Kayole, kwamba tuliobaki tunakula vizuri, kwamba kampuni ilipopunguza watu sisi tuligawana mishahara yenu. Mjomba, hakuna shilingi iliyohamia kwetu. Kazi ndiyo iliyohama. Zamani ulikuwa na upande wako hapa Nairobi, barabara ya Outering kutoka Allsops hadi Taj, wengine wakishika Embakasi, wengine Ruaraka. Sasa huko kote ni kwetu sisi wachache, na tiketi nyingine, yaani agizo la kazi, inaingia kwenye simu ukiwa bado ndani ya shimo. Dereva naye aliondoka pamoja nanyi. Naendesha pikapu mwenyewe, napanga koni mwenyewe, nafunua manholi mwenyewe, halafu nashuka bila mtu wa juu anayenitazamia magari. Ni wewe uliyenifundisha kwamba shimoni hashuki mtu mmoja. Ulinigombeza mbele ya watu pale Donholm nilipojaribu, na nilikushukuru. Leo ukipita usiku utanikuta nimefanya vile vile ulivyonikataza, na hakuna wa kunigombeza.

Usidhani hatujui kusema. Sheria ya usalama na afya kazini, ya 2007, inamtaka mwajiri atuwekee mahali salama pa kazi, na mfanyakazi akiripoti hatari iliyo karibu hapaswi kulazimishwa kurudi hapo kabla haijaondolewa. Naijua. Lakini tangu zile barua zitolewe, kila mtu anapima sentensi kabla haijamtoka mdomoni. Mwenzetu mmoja alikuja na homa, jasho linamtoka asubuhi ya baridi, akasema ni vumbi tu. Ngazi ikiteleza, haiandikwi popote. Glavu zikitoboka, mtu ananunua zake Gikomba. Kila mmoja anaogopa kwamba akilalamika amejiandikisha kwenye orodha ijayo, na hakuna aliyetuambia kama iko orodha ijayo au haipo. Stoo imekuwa kimya, mjomba. Wale waliokuwa wakibishana mpira tangu asubuhi wanachukua vifaa, wanatia sahihi, wanatoka.

Sasa nije kwenye ule usiku, maana najua unajua kwamba nitaufikia.

Ilikuwa mvua ya masika, Outering, kuelekea Mutindwa. Wachimbaji wa mtaro walikuwa wamekata kebo mchana na kufukia kama hakuna kilichotokea. Mashine ya OTDR, ya kupimia kebo, ilirusha mwanga kwenye uzi wa kioo ulio ndani ya kebo ikanipa umbali hadi palipokatika. Lakini wewe ndiye uliyeniambia siku ya kwanza kwamba ile mashine inapima uzi, haipimi barabara. Kila manholi ina kebo ya ziada iliyokunjwa, na barabara ilipopanuliwa mlihamisha viungo, pale kebo zinapounganishwa, ambavyo ramani ya ofisini haikuwahi kuvionyesha. Mita hizo zote za kutoa na kujumlisha ziko kichwani mwako. Ofisi iliandika barua ya kukuondoa bila mtu hata mmoja kukaa na wewe nusu siku na kalamu. Nilifunua mashimo ambayo hayakuwa yenyewe, yote yamejaa maji, matatu zinanirushia matope, na vijana wamesimama chini ya kibanda wakiangalia begi la splaisa, mashine ya kuunganisha nyuzi, ambayo ikiibwa ni mimi wa kuulizwa.

Nikakupigia. Ukashika. Nilisikia televisheni, nikasikia shangazi akiuliza ni nani. Nikakueleza niko wapi, nikakuuliza jambo moja tu: kiungo cha upande wa Donholm kiko kabla ya daraja la watu au baada yake? Ukanyamaza. Halafu ukasema, "Si wewe ndiye fundi aliyebaki? Tafuta." Ukakata.

Kiungo kilikuwa baada ya daraja, nyuma ya kibanda cha mandazi. Nilikipata. Nikamenya uzi, nikaufuta kwa spiriti, nikaukata, na mikono ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Uzi wa unene wa maikroni 125, kama unywele, haumtaki mtu anayetetemeka. Splaisa ikaukataa, nikaanza upya, ikaukataa tena. Ungekuwepo ungeshika tochi na mwavuli, na ungenitajia rangi zinazofuata ili macho yangu yasibanduke kwenye kazi. Niliunganisha hadi wauza maziwa wakaanza kupita.

Ningekuwa nimetumwa na meneja, ungekuwa na haki ya kukata ile simu, na ningekutetea popote. Maarifa hayo ni yako, na hawakuyatia kwenye hesabu walipokuwa wanakuondoa. Lakini aliyekupigia ni yule mtoto uliyemwimbisha rangi za nyuzi akiosha vyombo kwako: bluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe. Ulijua niko peke yangu. Ulijua mvua inanyesha, maana ilinyesha Nairobi nzima. Hilo neno "tafuta" ningelimeza. Kinachonikaa kooni ni kwamba kesho yake hukupiga kuuliza kama nilitoka mle shimoni.

Unasema nilikuuza. Msimamizi aliuliza kikosi kizima nani anaweza kutumia ile programu mpya ya kuripoti kazi kwa picha, nikasema naweza. Ningesema siwezi, jina lako lingefutika kwenye orodha? Nilikubembeleza nikufundishe, tena Jumapili kwa mama, chai ikiwa mezani. Ukaniambia kazi ya fundi ni kuunganisha, si kupiga picha. Nilikuheshimu, nikanyamaza, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na mimi ndiye uliyenishika mkono. Nina kodi ya nyumba Tassia na watoto wawili shuleni. Ningejitoa ili tukae wote nyumbani, ni nani ndani ya ukoo huu angepata afueni? Hata ile dawa ya nyanya ya kila mwezi ingelipwa na nani?

Na kama ni haki, mimi mwenyewe nasema ulistahili kubaki kabla yangu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamwambia mwajiri anayepunguza watu aangalie muda wa utumishi, ustadi, uwezo na kutegemeka. Kwa muda wa utumishi, wewe umenipita mbali. Ustadi ni wewe ulionipa. Lakini inamwambia mwajiri, mjomba, haimwambii mpwa. Mwajiri ndiye wa kushikwa shati.

Kwa hiyo mshike. Shangazi ameniambia ulitia sahihi karatasi ya malipo bila kuisoma, kwa hasira. Isome sasa. Ulitakiwa kupewa notisi ya maandishi mwezi mzima kabla, na afisa wa kazi naye ajulishwe. Kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na likizo ambazo hukuchukua zilipwe kwa pesa. Wewe ulikuwa huchukui likizo, kila mtu anajua, hapo peke yake kuna kitu. Kudai kuna mwisho wake, miaka 3, na hasira haisimamishi kalenda.

Jambo lingine ni huyo mkandarasi aliyekuita ufanye kazi zile zile kwa malipo ya kila tiketi. Kabla hujapanda nguzo yake, muulize bima. Sheria ya fidia ya walioumia kazini inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Ukianguka utaambiwa hukuwa mfanyakazi wa mtu. Nimekuta viungo vilivyofungwa na watu wa tiketi, nusu nyuzi zimeachwa, na siwalaumu, hawalipwi kwa kurudi nyuma kukagua. Usikubali wakufanye hivyo wewe, wewe uliyekuwa unafungua klosha, kasha la kiungo, iliyofungwa vizuri ili uifunge vizuri zaidi.

Barua yako ya kwanza ya ajira iko kwa mama, kwenye bahasha ya kaki pamoja na hati ya shamba. Ichukue uende nayo ofisi ya kazi. Ukitaka nikusindikize nitaomba ruhusa, hata kama siku hizi kuomba ruhusa ni kujitia machoni. Usipotaka, nenda na shangazi.

Lakini Jumapili ukija kwa mama, nakuomba usirudie mbele ya wanangu kwamba nilikula kazi yako. Mkubwa ameanza kuniuliza kama ni kweli, na sioni namna ya kumjibu bila kukuvunjia heshima.